Bibi ya Rais Anafanya Kazi Gani?



Juma lililopita, katika somo la elimu ya uraia, darasa la tano, tulikuwa tumeandika ubaoni wakubwa wa nchi na kazi zao: rais, waziri mkuu, wabunge, mahakimu, gavana wa Tshopo. Mtoto mmoja wa kike, yule anayekaa benchi ya mbele kwa sababu haoni mbali, akainua mkono: "Mwalimu, na bibi ya rais, yeye anafanya kazi gani?" Darasa zima likacheka. Sisi pia tulicheka, kisha tukaona kwamba jibu hatuna. Tukamwambia tutajibu juma lijalo, kama walimu wote wanavyofanya wakibanwa.

Jioni, baada ya kuondoa sufuria ya pondu motoni, tukafungua Katiba ya mwaka 2006, tukaipitia kifungu kwa kifungu. Rais anachaguliwa kwa miaka 5, anaapa, ni mkuu wa jeshi. Mke wake hana kiti, hana kiapo. Mahali tulipomkuta ni kifungu cha 99. Hapo rais na mawaziri wanatakiwa kupeleka mbele ya Korti ya Katiba maandishi ya mali ya jamaa yao, wanapoingia kazini na wanapotoka, na katika mali hiyo inahesabiwa pia ile ya mke au mume na ya watoto walio chini yao. Basi. Sheria inamjua mke wa rais kwa sababu ya mali iliyomo nyumbani mwake.

Lakini mama gani hapa Kisangani atasema kwamba huyo mwanamke hana nguvu? Tunavaa kikwembe chenye sura yake. Akitangazwa kuja, barabara inafagiwa, tunaamshwa alfajiri kwenda kupanga mistari uwanja wa ndege, na watoto wetu wanapewa bendera ndogo. Mtu mwenye shida kubwa anasema, "Laiti ningefika kwa Mama." Hiyo ni nguvu, na haikuandikwa mahali popote. Tumeona vema kuzungumza juu yake hapa, kwa sababu inagusa kikundi chetu zaidi ya tunavyodhani.

Tuanze na mwanamke ambaye mume wake hakuwa rais. Patrice Lumumba alikuwa waziri mkuu, tena kwa miezi michache tu. Lakini nyumba yake ilikuwa hapa, mji ukiitwa bado Stanleyville, na sisi hatuwezi kusimulia wake za wakubwa bila kuanza na Pauline Opango.

Alizaliwa mwaka 1937 upande wa Sankuru. Mwezi wa 3 mwaka 1951 akaolewa na Lumumba, karani wa posta. Hesabuni wenyewe: alikuwa na miaka kama 14, umri wa mtoto ambaye leo tunamtafutia daftari za shule ya sekondari. Wala hakuwa mke wa kwanza. Aliingia katika nyumba ya kijana aliyesoma sana, aliyeandika katika magazeti, aliyekuwa katika vyama na mikutano kila jioni.

Wakati ule Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa kuwa évolué aliomba kadi kwa serikali ya Wabelgiji, na kabla ya kumpa walimchunguza mpaka ndani ya nyumba: anaishi namna gani, anakula namna gani, mke wake anaijua kazi ya nyumba ya "kistaarabu" au hapana. Lumumba alikataliwa mara ya kwanza, kisha akaipata mwaka 1954. Sisi tunapofundisha historia hii tunawauliza watoto: nani alifagia nyumba siku ile wachunguzi walipokuja? Nani alipanga vikombe? Cheo cha mume kilipita jikoni, na kadi ikaandikwa jina la mume. Kulikuwa pia na zile nyumba za mafunzo za akina mama, foyer, zilizofundisha kushona, kupiga pasi na kulea mtoto. Bibi zetu wengine walipita humo na hawakujuta. Lakini walifundishwa kuwa wake wa watu waliosoma, hawakufundishwa kusoma kama waume wao.

Mwaka 1956 Lumumba alifungwa kwa ajili ya pesa za posta, akatoka mwaka 1957. Mwisho wa mwaka 1959, baada ya vurugu katika mji huu, akafungwa tena, safari hii kwa siasa. Mwalimu yeyote aliyewahi kuwa na mwanafunzi ambaye baba yake yuko gerezani anajua nyumba hiyo inavyokuwa: karo haiji, mtoto analala darasani, na mama anajifanya hakuna jambo. Kisha mwezi wa 5 mwaka 1960 nchi ikafanya uchaguzi ule mkubwa. Pauline hakupiga kura. Hakuna mwanamke wa Kongo aliyepiga. Kura ilikuwa ya wanaume peke yao. Haki ya kupiga kura tuliipata na Katiba ya mwaka 1967.

Mwezi wa 11 mwaka 1960, Lumumba akiwa amezungukwa na askari nyumbani kwake Léopoldville, mtoto wao mchanga Marie-Christine, aliyezaliwa Uswisi, alikufa. Usiku wa tarehe 27 mwezi huo Lumumba akatoroka, mvua ikinyesha, akaelekea huku kwetu ambako watu wake walikuwa wanamngoja. Pauline alikuwa katika safari hiyo pamoja na Roland, mtoto mdogo wa kiume. Walifika kwenye mto Sankuru, mahali paitwapo Lodi. Inasimuliwa kwamba Lumumba alivuka kwanza kwa mtumbwi. Askari wakawakuta mke na mtoto bado ng'ambo ya nyuma, na yeye akarudi. Watu wengine wanasema kama asingerudi, angefika Kisangani. Tumesikia hata mwanaume mmoja, kwenye kilio, akisema kwamba mwanamke ndiye aliyemchelewesha. Tulimjibu hapo hapo, na hatutaandika hapa maneno tuliyotumia.

Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961. Nchi iliambiwa karibu mwezi mzima baadaye. Ndipo Pauline, mjane wa miaka 24, akatembea katika mitaa ya Léopoldville kifua wazi, kwa desturi ya kilio, akienda kwa wakubwa wa Umoja wa Mataifa kuomba maiti ya mume wake. Picha yake ilizunguka dunia. Maiti hakupewa. Watoto walikuwa wamekwisha kupelekwa Misri, naye akaenda huko kuwalea. Miaka mingi baadaye alirudi nchini, akafa Kinshasa mwezi wa 12 mwaka 2014. Lile jino moja lililobaki la mume wake Wabelgiji walilirudisha mwezi wa 6 mwaka 2022, na jeneza likapita mpaka hapa Kisangani, wengi wetu tukaenda kuliona. Mwenye kuliomba alikuwa amekufa miaka 7 na nusu.

Tumekaa sana kwa Pauline. Wengine tutawapita upesi kidogo.

Marie-Antoinette, mke wa kwanza wa Mobutu, aliolewa mwaka 1955, mume akiwa bado askari wa Force Publique, hana gari wala jumba. Waliomfahamu wanasema alikuwa mmoja wa watu wachache sana waliothubutu kumwambia Mobutu, "Hapa umekosea." Alikufa Uswisi mwezi wa 10 mwaka 1977, na miaka yake haikuwa imefika 40. Wazee wengi husema kwamba nchi iliharibika zaidi baada ya yeye kufa. Sisi hatupendi sana usemi huo. Kama nchi nzima inategemea mwanamke mmoja amtulize mume wake chumbani, basi nchi hiyo haina bunge. Lakini tunaelewa kinachowafanya wazee waseme hivyo: kila mmoja wetu anajua nyumba ambayo baba alikuwa mtu mpaka mama alipokufa.

Mobutu akamwoa Bobi Ladawa tarehe 1 mwezi wa 5 mwaka 1980. Kesho yake Papa Yohane Paulo wa Pili akashuka Kinshasa, na siku chache baadaye alikuwa hapa Kisangani akisoma misa. Mama zetu wanakumbuka ile misa mpaka leo, na vumbi lake. Ndoa ya Joseph Kabila na Olive Lembe, mzaliwa wa Kailo, hapo Maniema jirani zetu, ilifungwa tarehe 17 mwezi wa 6 mwaka 2006. Tarehe 30 mwezi wa 7, wiki sita baadaye, tulipiga kura. Ndoa hizo mbili, mume na mke walikuwa wamekwisha kuishi pamoja na kuzaa. Kilichokuja mwishoni ni cheti na padri, wakati macho ya watu wote yalikuwa yanatazama. Hatucheki. Wangapi kati yetu wanangoja mahari imalizike miaka 10 sasa? Tunasema tu kwamba hata siku ya arusi ya mke wa rais inaweza kupangwa na kalenda ya wengine.

Na tazameni yanayofuata. Mwezi wa 3 mwaka 1997 Kisangani ilianguka mikononi mwa AFDL. Mwezi wa 5 Mobutu akakimbia Kinshasa. Mwezi wa 9 akafa Rabat, Moroko. Kaburi lake bado liko huko, na mjane amekaa ugenini. Hospitali kubwa ya Kinshasa, iliyoitwa Mama Yemo kwa jina la mama yake Mobutu, ikabadilishwa jina. Jina linalopakwa ukutani kwa sababu ya kiti, kiti kikiondoka linafutwa. Kama ni jina tu, si neno. Shida inakuja dawa zinapofutwa pamoja nalo.

Hapa tuseme jambo la kikundi chetu. Wote mnazijua zile mashine mbili za kushona zilizo kwenye kona ya chumba chetu cha mikutano. Zilikuja wakati wa kampeni moja, kwa mkono wa mtu mkubwa ambaye hatutamtaja. Jina lake bado linasomeka vizuri kwenye mbao, rangi nyekundu. Mashine moja inafanya kazi. Ya pili ilivunjika kipande kidogo mwaka wa kwanza, tukaandika barua, tukangoja, tukaandika tena. Mwishoni tukajibiwa kwamba mkubwa hayuko tena kitini na mradi umefungwa. Tuliimba siku ile ya kupokea, na mwandishi wa makala haya aliimba kwa sauti kuliko wengi.

Siyo kwamba mashirika ya wake za marais hayafanyi kitu. Denise Nyakeru, mke wa rais wa sasa, ni mzaliwa wa Bukavu, alisomea uuguzi, na shirika lake limelipia masomo vijana waliofaulu sana mtihani wa leta, katika mpango unaoitwa Excellentia. Sisi walimu hatuwezi kudharau hilo; mtoto aliyesoma hakuna atakayemfuta. Lakini mtoto wa jirani aliyefaulu hivyo hivyo bila kuchaguliwa hana mahali pa kulalamika, kwa sababu zawadi haina ofisi ya malalamiko.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 1987, wakati Mama Bobi Ladawa alikuwa kando ya Mobutu, akipigiwa makofi kila mahali, nchi ilipata Sheria ya Jamaa. Ndani yake kifungu cha 444 kilisema mume ni mkuu wa nyumba na mke anapaswa kumtii. Kifungu cha 448 kilisema mke aombe ruhusa ya mume kabla ya kufunga mapatano ya kisheria yatakayomtaka afanye kazi yeye mwenyewe, kama vile mkataba wa kazi. Mwanamke mkubwa, mwenye watoto saba, mwenye diploma, alipaswa kuleta karatasi ya mume kama vile mtoto analeta karatasi ya mzazi wakati wa matembezi ya shule. Makofi yote yale hayakukiondoa kifungu hicho. Kilikaa miaka 29 hivi. Aliyekibadilisha ni sheria nyingine, iliyopita bungeni na kutiwa sahihi tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016, baada ya vyama vya wanawake kuipigania miaka na miaka. Mume bado ameandikwa mkuu wa nyumba. Lakini ruhusa ile imetoka: sasa mume na mke wanapaswa kupatana wote wawili.

Mambo ya zamani? Mwaka jana mama mmoja wa likelemba yetu, muuza samaki wa moshi, alikwenda kufungua konti mahali fulani hapa mjini ili pesa za likelemba zisilale chini ya godoro. Akaambiwa alete barua ya mume. Mume wake yuko kwenye machimbo upande wa Bafwasende, simu haishiki, na hajarudi tangu Pasaka. Mama huyo akarudi nyumbani na pesa zake kwenye mfuko wa plastiki, juu ya toleka, katikati ya watu. Hakubisha. Alidhani ndiyo sheria. Na sisi tuliosoma ISP, alipotusimulia, tulimpa pole tu. Hatukumwambia kwamba kifungu hicho kilibadilishwa, kwa sababu wakati ule hata sisi hatukujua. Tunaandika hili kwa haya.

Kuna nchi zilizojaribu kumweka mke wa mkubwa ndani ya sheria. Tanzania, mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipokataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha au mishahara miwili, liliandika wazi kwamba kiongozi maana yake ni mume pamoja na mke wake, au mke pamoja na mume wake. Hakuna aliyeweza kusema, "Nyumba hizi ni za bibi yangu." Mama Maria Nyerere mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kama sisi, na mume wake alipoacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, yeye aliuza dukani ili nyumba ile. Uganda nako, Janet Museveni alichaguliwa mbunge mwaka 2006, na tangu mwaka 2016 amekuwa waziri wa elimu. Wengi wanasema si vizuri mume awe rais na mke waziri, na sisi pia tuna wasiwasi wetu. Lakini waziri wa elimu anaitwa bungeni na kuulizwa kwa nini shule haina chaki. Mke wa rais asiye na kazi, nani atamwita?

Na kwetu? Kiti alichokalia Lumumba mwaka 1960, cha waziri mkuu, tangu mwaka 2024 kimekaliwa na mwanamke, Judith Suminwa. Akifanya vizuri au vibaya, kazi yake imeandikwa, tena inaweza kupimwa. Mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi hii, Sophie Kanza, aliingia mwaka 1966, mwaka mmoja kabla wanawake hawajapata kura. Majina hayo mawili tuliyaongeza ubaoni.

Yule mtoto wa benchi ya mbele alikuwa anangoja jibu lake. Tulimwambia kwamba kwa sheria mke wa rais hana kazi. Akafikiri kidogo, akauliza: "Kama hana kazi, zawadi anazogawa ananunua na pesa ya nani?" Safari hii darasa halikucheka. Tukasema swali hilo ni zuri, tena ni la kifungu cha 99, tutalisoma wakifika darasa la sita.

Siku ya posho hii, saa 9 alasiri, tutakutana katika chumba chetu kama kawaida, likelemba kwanza. Baada yake tutasoma pamoja kifungu cha 448 cha zamani na kile kipya cha mwaka 2016, kwa Kiswahili na kwa Lingala, polepole. Mwenye simu ya kupiga picha aje nayo, apige picha ya ukurasa na kuihifadhi. Wenye cheti cha ndoa ya leta wakilete. Siku ya kwanza ya juma lijalo, saa 3 asubuhi, muuza samaki wetu atarudi kule kwenye konti, na sisi wawili tutamsindikiza. Anayeweza kutuongezea mtu wa tatu, hasa anayejua Kifaransa cha ofisini, atuambie mapema. Kile kipande cha mashine, fundi wa Mangobo amesema anaweza kukitengeneza kwa Faranga 15 000. Kila mama alete 500.